Kilomita 400 si mwendo wa saa nne

Kazi yangu ni kukodisha magari hapa Kampala, na anayekuja kuzunguka peke yake karibu kila mara huniambia vilevile: "Uganda ni ndogo, siku nne zinanitosha." Kisha ananionyesha ratiba. Jumatatu Ziwa Bunyonyi, Jumanne mbuga ya Queen Elizabeth, Jumatano mbuga ya Murchison, Alhamisi maporomoko ya Sipi. Hayo si matembezi, ndugu yangu, hiyo ni zamu ya dereva wa lori.

Ni kweli nchi hii haifikii hata nusu ya Kenya kwa eneo. Lakini Kampala hadi Kabale ni kilomita 410 hivi, lami mwanzo hadi mwisho, na bado ni safari ya kutwa. Usipoondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, foleni na bodaboda za kutokea jijini zitakula asubuhi yako. Ukitoka hapo unaungana na malori yanayopeleka mizigo Rwanda na Kongo, na kila mji mdogo una matuta yake, mengine hayana rangi wala kibao. Mvua nayo ina maamuzi yake: Mei 2023 daraja la Katonga, kwenye barabara hiihii, lilikatika, na waliokuwa wanaelekea Masaka wakazungushwa mbali. Ramani ya simu yako haihesabu hayo. Tena tuko ikweta, ikikaribia saa moja jioni jua limezama, na giza halibishi hodi. Ukiona matawi ya miti yametupwa barabarani, jua mbele kuna lori limeharibika. Ndiyo pembetatu ya onyo ya huku. Usiku hayo matawi utayaona umeshayakanyaga.

Halafu uko peke yako! Aliyeshika usukani haoni mandhari. Kabale hadi Kisoro hazifiki kilomita 80, ila ukipanda mwinuko wa Kanaba, mlima Muhabura wenye mita 4,127 unakutokea mbele palepale ambapo macho yanatakiwa yawe kwenye kona. Tafuta pa kuegesha salama, zima injini, shuka. Ndiyo maana wateja wangu nawaambia kilomita 200 na kitu kwa siku, basi. Ukielekea magharibi, lala Mbarara au Ziwa Mburo. Atakayeniita mwoga na aniite.

Na kuna mengine wateja huniambia. "Bila foo-wili, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, huendi kokote." Fort Portal, Kasese, Gulu, hata Kisoro, gari dogo linafika. Msitu wa Bwindi na Ishasha, kusini mwa Queen Elizabeth, wakati wa mvua ndiko simpi mtu gari dogo, hata akinibembeleza.

"Mbugani haturuhusiwi kuendesha wenyewe." Mnaruhusiwa, mradi usizidi kilomita 40 kwa saa na usishuke kwenye gari ovyo. Ila mlipe askari wa wanyamapori akae kiti cha pembeni: yeye aangalie miti, wewe uangalie njia. Kwa msafiri wa peke yake sijui matumizi ya pesa yaliyo bora kuliko hayo.

"Tembo ni mpaka ulipe kiingilio." Barabara ya Mbarara–Kasese inakatiza ndani ya Queen Elizabeth na kupita tu hulipi. Punguza mwendo karibu na Katunguru, pale daraja linapovuka mfereji wa Kazinga; tembo huvuka wanavyotaka.

Na wale nyani wa Karuma, kwenye njia ya Gulu, hawana njaa. Wanakaa barabarani kwa sababu watu huwarushia vyakula madirishani, kisha magari yanawagonga. Funga kioo, ndizi ule mwenyewe.