Maktaba ya nyongeza ni nini, na kwa nini inakubali kwenye laptopu moja na kukataa kwenye nyingine

Maktaba ya nyongeza ni msimbo ulioandikwa na watu wengine na kufungwa vizuri, ili wewe uuite ndani ya programu yako bila kuuandika upya. Haiji na lugha yenyewe. Unaiongeza kadiri ya haja. Ukisakinisha lugha ya Python peke yake unapata maktaba ya msingi: kusoma faili, kupiga hesabu za tarehe, kufungua zip, kuzungumza na seva. Ukitaka kuchora grafu, kusoma jedwali la Excel au kuzidisha matrisi kubwa, hapo unaongeza.

Maelezo hayo yangetosha, isipokuwa kuna sentensi inayorudiwa sana madarasani: Python ni lugha ya majukwaa yote, ukiandika kwenye Windows itakwenda kwenye Linux na kwenye Mac. Kuhusu lugha, sentensi hiyo ni kweli. Kuhusu maktaba zake, ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayomla kijana wa Lubumbashi jioni nzima pamoja na forfe yake ya mega, yaani kifurushi cha intaneti.

Faili la .py ni maandishi matupu. Anayelisoma na kulitekeleza ni mkalimani, yaani ile programu unayoipakua unaposema umesakinisha Python. Mkalimani wa kawaida, ambaye asili yake ni kazi ya Guido van Rossum iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ameandikwa kwa lugha C. Kuna wa Windows, wa Linux na wa Mac, kila mmoja amejengwa kwa mashine yake. Yeye ndiye anayebeba tofauti zote za mifumo ili wewe usizione. Kwa hiyo maktaba iliyoandikwa kwa Python tupu haina shida: ni maandishi kama yako, na mkalimani yeyote ataisoma.

Lakini maktaba nyingi nzito si Python tupu. Ndani yake mna sehemu zilizoandikwa kwa C, C++, Fortran, na siku hizi Rust, kisha zikageuzwa kuwa lugha ya mashine kabla hazijakufikia. Kwenye Linux na Mac sehemu hizo huwa na mwisho wa .so, kwenye Windows .pyd. Sehemu ya namna hiyo haisomwi na mkalimani mstari kwa mstari. Inapakiwa kwenye kumbukumbu na prosesa inaitekeleza moja kwa moja. Ni kama dereva na gari pale mpakani Kasumbalesa. Dereva anayejua kazi yake ataendesha upande wa kushoto Zambia, na akivuka ataendesha upande wa kulia kwetu Kongo. Usukani wa gari lenyewe ulikwisha kufungwa kiwandani upande mmoja.

Kwa nini basi watu wajitie katika taabu hiyo? Kwa sababu ya kasi. Tuseme mwanafunzi wa Politekniki ana jedwali la sampuli za udongo, laki kadhaa za mistari, na kila mstari una kiwango cha shaba na cha kobalti. Anataka wastani, anataka kutoa sampuli zilizo chini ya kiwango fulani, anataka kulinganisha safu na safu. Kwa orodha za kawaida za Python, kila namba ni kitu kamili kinachokaa mahali pake kwenye kumbukumbu, chenye maelezo ya aina yake na hesabu ya wanaokitumia. Mkalimani hukifuata kimoja kimoja, akiuliza kila mara: wewe ni namba nzima? Ni desimali? Unajumlishwaje? NumPy, maktaba ya nyongeza ya hesabu, hufanya vingine. Inazipanga namba zote bega kwa bega katika kipande kimoja cha kumbukumbu, zote za aina moja, kisha inaiachia C izipitie bila kuuliza chochote. Tofauti ya muda ni ya makumi ya mara, na mara nyingine zaidi.

NumPy 1.0 ilitoka mwaka 2006, kazi ya Travis Oliphant, ikirithi maktaba mbili za kabla yake. Hesabu zake za matrisi hupitia maktaba nyingine za chini kabisa, ambazo muundo wake ulichorwa na watu wa Fortran, lugha ya IBM ya mwaka 1957. Mimi jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka: kijana wa Katuba anadhani anaandika lugha ya kisasa, na chini ya kidole chake kuna mawazo ya enzi za kadi za kutoboa. Java nayo ina mlango wake wa kuingiza msimbo wa mashine, na Lua pia, na shida zao ni zilezile. Ila Python ndiyo inayofundishwa sana, basi tubaki nayo.

Sasa jina la faili. Ukiagiza maktaba kwa pip, programu ya kusakinishia maktaba za Python, kinacholetwa ni faili la .whl, ambalo kwa kweli ni zip tu iliyobadilishwa jina la mwisho. Jina lake refu watu hulipita bila kulisoma, na humo ndimo mna jibu. Tazama hili:

numpy-1.26.4-cp311-cp311-win_amd64.whl

Kwanza jina la maktaba na toleo lake. Kisha cp311: imejengwa kwa mkalimani wa kawaida wa Python 3.11, si 3.10 wala 3.12. Neno hilo linarudi mara ya pili likionyesha namna vipande vya mashine vinavyoshikana na mkalimani huyo. Mwisho win_amd64: Windows ya biti 64. Wenye laptopu za Intel huogopa wakiona amd, wakadhani faili ni la wengine. Hapana, jina hilo linashika Intel na AMD pamoja, kwa kuwa AMD ndio waliotangulia kuweka mpango huo wa biti 64. Ukikuta manylinux mahali pa win, hilo ni la Linux, nalo limejengwa juu ya mfumo wa zamani kwa makusudi, ili likubali kwenye Linux nyingi zilizofuata. Ukikuta abi3 katikati, mjenzi alijibana kwenye sehemu ya mkalimani isiyobadilika kutoka toleo hadi toleo, hivyo faili moja linatosha Python kadhaa. Na ukikuta py3-none-any, furahi: hiyo ni Python tupu, itakwenda popote palipo na Python 3.

pip husoma jina hilo kwa niaba yako na kuchagua linalokufaa. Tatizo huanza linapokosekana linalokufaa. Hapo pip huchukua msimbo wa asili, faili la .tar.gz, na kujaribu kuujenga palepale kwenye mashine yako. Ndipo kwenye Windows unatokea ule ujumbe mwekundu unaodai Microsoft Visual C++ 14.0, na kwenye Ubuntu unaambiwa Python.h haionekani. Wengi hudhani maktaba imeharibika. Haijaharibika, umeombwa kuwa kiwanda, na wewe huna vyombo. Mara nyingi dawa si kupakua vyombo hivyo, ambavyo kwa Windows ni vya magigabaiti. Dawa ni kutafuta toleo la Python ambalo faili lililojengwa tayari lipo. Anayekimbilia Python iliyotoka wiki iliyopita anajitafutia hilo, maana wajenzi wa maktaba huhitaji muda kuifikia.

Hapa kwetu mega zinanunuliwa na umeme hauaminiki, kwa hiyo kujua majina haya ni pesa. NumPy moja ni kama megabaiti 15, ambazo zinabebeka. TensorFlow, maktaba ya akili bandia, ni mamia ya megabaiti, na wanafunzi thelathini wakiipakua kila mmoja kivyake ni hasara isiyo na sababu. Mmoja mwenye mtandao mzuri anatosha:

pip download pandas -d mizigo --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.11

Amri hiyo inajaza folda ya mizigo kwa pandas, maktaba ya kushughulikia majedwali, pamoja na maktaba ambazo pandas inazitegemea, hata kama anayepakua yuko kwenye Linux. Folda inahamia kwenye flashi, flashi inazunguka darasani, na kila mtu anasakinisha bila intaneti:

pip install --no-index --find-links=mizigo pandas

Kuna kasoro moja ya kuangalia. Baadhi ya maktaba hutaka nyongeza fulani kwenye Windows tu. Maktaba ya tqdm, inayochora mstari wa maendeleo, huitaka colorama ikiwa kwenye Windows. Ukipakua ukiwa kwenye Linux, pip hutazama mashine iliyopo, ikaiacha colorama, na mwenzako atakwama. Kwa hiyo ikiwezekana, apakue mwenye mfumo uleule wa darasa.

Laptopu za mtumba zina hadithi yao. Zile zilizobaki na Windows 7 haziwezi kuivuka Python 3.8, na kwa Python 3.8 NumPy inaishia 1.24. Mtu huyo akifuata mafunzo ya NumPy 2, iliyotoka mwaka 2024, mambo mengine hayatamkubali hata afanye nini. Hiyo NumPy 2 yenyewe ilibadilisha namna ya kushikana na maktaba zilizojengwa juu yake, hivyo maktaba iliyojengwa kwa NumPy 1 ikikutana nayo hugoma. Ndiyo sababu ya kuweka kila kazi katika mazingira yake kwa python -m venv: kazi ya zamani ibaki na NumPy yake, mpya na yake.

Na wenye simu tu? Ni wengi, wala wasidharauliwe. Termux, programu ya simu ya kuandikia amri, inatoa Python ya kweli kwenye Android. Ila prosesa ya simu kwa kawaida ni ya aina ya ARM, si ile ya Intel na AMD, na Android, japo msingi wake ni Linux, ina maktaba yake ya C isiyo ile ya Linux za kompyuta. Kwa hiyo mafaili ya manylinux hayashiki huko, pip itajaribu kujenga, na simu itachemka mkononi. Termux wana hazina yao wenyewe, waliojenga tayari: pkg install python-numpy inamaliza kazi iliyomshinda pip.

Limebaki la majina, na hili ni la usalama. Jina la kuagizia si lazima liwe jina la kuitia. Kwenye msimbo unaandika import cv2, ila kwa pip unaagiza opencv-python. Unaandika PIL, unaagiza Pillow. Unaandika sklearn, unaagiza scikit-learn. Hazina ya PyPI, ambako pip huchota, iko wazi kwa yeyote kupakia, na wapo wanaopakia majina yaliyokosewa herufi kwa makusudi wakimngoja mwenye haraka. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama ya Slovakia ilitangaza kukuta maktaba kadhaa za namna hiyo. Maktaba inayojengwa kutoka msimbo wa asili huendesha amri wakati uleule wa kusakinishwa, kwa ruhusa ulizonazo wewe. Kwa hiyo usibahatishe jina kwa pip. Fungua ukurasa wa maktaba yenyewe, unakili jina lilivyoandikwa pale, na flashi ya mtu usiyemjua iliyojaa mafaili ya .whl itazame kwa jicho lilelile.