Je, wajua kwa nini mshumaa kwenye filamu ya kuogofya hurefuka badala ya kufupika?

Jumamosi moja jioni huku Katuba, Lubumbashi, tulikuwa tumejibana sebuleni tukitazama filamu ya kuogofya ya mambo ya kale. Mwanamke kashika mshumaa, anashuka ngazi gizani, nasi tumebana pumzi. Mdogo wangu akaharibu kila kitu: "Yaya, rudisha kwanza! Ile bujie iko inarefuka!" Nikarudisha. Kweli bwana. Juu ya ngazi mshumaa ulikuwa umebaki kama kidole gumba. Alipofika chini ulikuwa kama umetoka dukani sasa hivi.

Ukweli ni kwamba ngazi zile hakuzishuka mara moja. Kwa kawaida filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Kinachoamua ni mahali, mwanga na ratiba ya waigizaji, hivyo matukio ya jikoni yanaweza kupigwa yote siku moja, hata kama moja ni la mwanzo na jingine la mwisho. Halafu tukio moja hurudiwa na kurudiwa: kamera ikiwa mbali, kisha usoni, kisha mkononi. Dakika mbili za kwenye skrini zinaweza kula siku nzima, na muda wote huo mshumaa unaungua. Ukiisha, unawashwa mwingine. Mhariri akija kuunganisha kipande cha saa tisa alasiri na kile cha saa nne asubuhi, nta imeota upya.

Yupo mtu anayelipwa kuzuia hayo, na kwa Kifaransa chetu anaitwa skripti. Anaandika kila kitu: kikombe kiko mkono upi, kifungo kipi kimefunguliwa, damu imefika wapi shavuni. Zamani alitembea na kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo; leo ana tableti. Nadhani hakuna filamu inayomtesa kama ya kuogofya, maana humo hakuna kinachotulia. Damu hukauka, nywele zilizoloa hukauka, moshi husambaa, mshumaa huyeyuka. Kwenye hadithi ya mahaba, wapenzi wakikaa mezani wakitazamana, angalau anapumua.

Ila usidhani kila kosa limempita. Mara nyingi ameliona, ameliandika, na mhariri akalipuuza kwa makusudi. Walter Murch, mhariri mashuhuri wa Marekani, aliwahi kutaja vigezo sita vya kuamua wapi pa kukata picha, akavigawia asilimia. Hisia alizipa 51. Mpangilio halisi wa watu na vitu mahali walipo aliupa 4 tu. Kwa hesabu hiyo, kama kipande ambacho mwigizaji ametetemeka kwelikweli ndicho chenye mshumaa mbaya, kitatumika hicho hicho.

Na wanajua hatutaona. Mwaka 1998 wanasaikolojia Daniel Simons na Daniel Levin walitoa matokeo ya jaribio moja la kuchekesha: mtu anamwuliza mpita njia njia ya kwenda mahali, mara wanapita katikati yao watu waliobeba mlango, na nyuma ya mlango huo mwulizaji anabadilishwa na mtu mwingine kabisa. Karibu nusu ya walioulizwa waliendelea kuelekeza kana kwamba hakuna lililotokea. Mdogo wangu, nadhani, hakuwa ameogopa vya kutosha.

Makosa ya historia ni habari nyingine. Hayo hayaletwi na uchovu wa siku ya kazi. Chukua The Nun ya mwaka 2018, ambayo sisi nyumbani tunaiita "ile ya masista". Hadithi iko Rumania, 1952. Vatikani inatuma padri na mnovisi, yaani mtawa aliye bado mafunzoni, kwenda kuchunguza kifo katika abasia ya watawa wa kike, nao wanafika salama, wanazunguka watakavyo. Sisi hapa, tuliozoea kuona masista tangu utotoni, hatushtuki. Lakini Rumania ya mwaka ule ilikuwa mikononi mwa Wakomunisti. Mwaka 1949 serikali ilivunja mashirika mengi ya watawa wa Kikatoliki, na mwaka huo huo Áron Márton, askofu wa Alba Iulia kule Transylvania, akatiwa gerezani, alitoka 1955. Mwakilishi wa Papa alifukuzwa Bucharest mwaka 1950. Abasia yenyewe inaitwa ya Mtakatifu Carta, jina linalokumbusha Cârța, abasia ya kweli ya Transylvania. Hiyo ilikuwa ya wamonaki wanaume, na mfalme Matthias Corvinus aliifunga mwaka 1474.

Kwa nini basi 1952? The Nun ni tawi la mfululizo wa The Conjuring; filamu kuu ya mfululizo huo iko mwaka 1971, na hii ilipaswa kueleza chanzo cha pepo, kwa hiyo lazima itangulie. Wakomunisti wangeleta tatizo la kihadithi pia: ukiwaingiza polisi wa siri wa Securitate, tayari una pepo wawili.

Sasa fikiria mtu aje kupiga filamu ya namna hiyo hapa kwetu, mwaka ule ule. Mhusika akiutaja mji kwa jina la Lubumbashi, tumemkamata: uliitwa Élisabethville hadi 1966. Mtaa wa Kamalondo uliitwa Albert. Lori lenye maandishi ya Gécamines, kampuni ya taifa ya madini iliyokuja baadaye, likipita barabarani, kosa jingine, kwa sababu wakati ule shaba ilikuwa ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Bomba la moshi la kiwanda wangeliacha, lilikwisha kuwepo. Shida ingekuwa kile kilima cheusi kando yake, cha mabaki ya kuyeyusha shaba. Kilianza na shaba ya kwanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, kikaongezeka miaka mingi baada ya 1952, kisha kikaanza kuliwa upya kwa ajili ya kobalti. Nacho, kama bujie yetu, hurefuka na kufupika. Tofauti ni kwamba hapa mtoto wa Katuba hatakuwa na haja ya kurudisha nyuma.