Je, wajua kwa nini Land Rover kuukuu haibadilishwi kitu kimoja tu?

Ukipita gereji za Malindi, ipo siku utaikuta Land Rover ya miaka ya sabini imepandishwa kwenye mawe chini ya mwarobaini, boneti wazi, haina hata gurudumu moja. Bodi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, rangi imechujuka kwa jua na chumvi. Lakini hebu inama uchungulie. Injini ni dizeli ya Toyota. Difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazopokea mzunguko wa shafti na kuupeleka magurudumuni, zimetoka kwenye Range Rover. Breki za mbele ni za diski, ilhali gari hili lilizaliwa na breki za ngoma kote. Ukimuuliza mwenyewe atakuapia kwamba alikuja kuweka matairi makubwa tu, apate kwenda lango la Sala, huko Tsavo Mashariki, na kurudi bila kukwama.

Imekuwaje basi?

Fundi mmoja mzee alinijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, ukilibadilisha viatu, itabidi ulibadilishe na miguu." Nilidhani ni maneno ya mtu anayetafuta kazi zaidi. Sivyo. Ni hesabu tupu.

Land Rover ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilitoka na matairi membamba yenye kimo cha karibu inchi 32. Tuseme unaweka ya inchi 35. Injini haijui kama umebadilisha kitu. Inazungusha ekseli kwa nguvu ile ile. Ila sasa kutoka katikati ya gurudumu hadi chini ni mbali zaidi, na nguvu ikipitishwa kwenye mkono mrefu hufika mwisho ikiwa imepungua. Unapoteza karibu asilimia 9 ya msukumo pale tairi linapokanyaga mchanga. Mshale wa spidi nao unaanza kusema uongo: ukionyesha 73, wewe uko 80. Na kwa sababu ile ile, breki iliyokuwa ikisimamisha gurudumu dogo sasa inashindana na mkono mrefu.

Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja na gari hili ina nguvu za farasi sabini na kitu hivi. Si nyingi kwa gari lenye mizigo, na ukishazinyang'anya asilimia 9, kilima cha kawaida kinakuwa safari ya gia ya pili. Ndipo mwenye gari anapoanza kuulizia dizeli ya Kijapani.

Hapo ndipo utamu ulipo. Dizeli ina nguvu nyingi ikizunguka polepole, lakini haipendi kukimbizwa. Difu za Land Rover za zamani zina uwiano wa 4.7, maana yake shafti inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiwa na dizeli na difu hizo, barabarani injini inapiga kelele huku gari halina mwendo. Dawa yake ni difu za Range Rover zenye uwiano wa 3.54. Gari linatulia, unaweza hata kuzungumza na abiria wako. Lakini kule kutambaa juu ya mawe polepole, kazi ambayo gari la zamani lilikuwa bingwa wake, umekupunguza kwa mkono wako mwenyewe. Gia ndogo, ile seti ya pili ya gia za mwendo wa polepole, inabaki kuwa msaada, maana huongeza msukumo takriban mara mbili, ila haikurudishii yote uliyotoa.

Kuna jingine ambalo wengi hulijua baada ya kushtuka. Land Rover yenye bosta ya breki hutegemea uvutaji wa hewa wa injini ya petroli. Unapoachia mafuta, kile kipande kinachofungua na kufunga njia ya hewa hujifunga, injini inaendelea kunyonya, na mnyonyo huo ndio unaomsaidia dereva kukanyaga. Injini nyingi za dizeli hazina kizuizi hicho; hewa inaingia wazi muda wote. Kwa hiyo dizeli huhitaji pampu yake ya kunyonya hewa, mara nyingi imefungwa nyuma ya alteneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari. Isahau pampu hiyo, kisha uteremke kilima: pedali inakuwa ngumu kama jiwe la kusagia.

Dizeli pia ni nzito. Pua ya gari inainama, springi za mbele zinaongezwa jani (bamba la chuma) moja au mawili, gari linainuka, shafti inakaa kwa pembe mbaya, linaanza kutetemeka. Nitaishia hapo kwenye springi, maana tukiendelea hatutafika kwenye bodi. Na usisahau kwamba injini ikibadilika, namba iliyo kwenye logibuku inabidi ibadilishwe pia.

Bodi kwa nini haiguswi? Hapa inabidi turudi Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na gari la jeshi aina ya Jeep kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, akataka kutengeneza gari la mkulima la aina hiyo. Chuma wakati ule kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo, lakini alumini iliyokuwa ikitumika kwenye ndege za vita ilikuwepo. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 likiwa na bodi ya alumini. Mwezi huo huo, huku kwetu, hifadhi ya Tsavo ilikuwa ndiyo inaanzishwa. Hawakupanga, lakini wamezeeka pamoja.

Alumini haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana bodi inaonekana nzima baada ya nusu karne ya upepo wa bahari. Chasisi ni hadithi nyingine. Ni chuma kilichochomelewa kama boksi lenye uwazi ndani, na mchanga wenye chumvi ukishaingia humo hautoki. Inaoza kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona tundu, ujue huko ndani kulishamalizika zamani. Tazama pia pale alumini inapokutana na boliti ya chuma: kuna unga mweupe. Metali mbili zikigusana penye maji ya chumvi hufanya umeme mdogo, kama betri, na anayeliwa ni alumini. Ndiyo maana mtu mwenye pesa huchovya chasisi yake kwenye zinki. Zinki hukubali kuliwa kwanza, chuma kikapona. Ningekuwa na fedha za kufanya jambo moja tu kwenye gari hili hapa pwani, ningefanya hilo na kuachana na matairi.

Maana kukwama mchangani kuna dawa isiyogharimu kitu: punguza upepo. Gari la tani 2.4 linaweka kilo 600 kwenye kila gurudumu. Ukijaza upepo paundi 35, tairi linakanyaga eneo la sentimita mraba 240 hivi. Ukishusha hadi 15, eneo linakaribia 570. Ukuta wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, kwa hiyo uhalisia ni pungufu kidogo, lakini tofauti utaiona kwa macho. Alama ya tairi haiongezeki sana kwa upana, bali kwa urefu, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba, kama unyayo wa ngamia. (Mchanga ninaousema ni wa njia za bara. Ufukweni kasa hutaga, na kiota chake hakionekani ukiwa nyuma ya usukani.)

Kwenye udongo mweusi mvua za masika zinaponyesha mambo hugeuka. Hapo tairi jembamba la zamani hupasua tope na kutafuta ardhi ngumu chini, huku lile pana likielea na kuteleza ovyo. Matairi aliyoyavua yule bwana, yaliyolala kando ya ukuta wa gereji, huenda yangemfaa zaidi.

Tatizo ni pale unaporudi kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, linapata joto, na kwa mwendo wa kasi linaweza kupasuka. Kwa hiyo yule bwana sasa anataka pampu ya upepo ndani ya gari. Pampu hula umeme, itataka betri ya pili. Betri ya pili itataka alteneta kubwa zaidi. Fundi ameshachukua utepe, anapima nafasi iliyobaki chini ya boneti.