Ngano katika uji wa mtoto na hofu ya seliaki

Kati ya mwaka 1984 na 1996, watoto wa chini ya miaka 2 waliogundulika na seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, nchini Sweden waliongezeka karibu mara 4, kisha idadi ikashuka ghafla. Miaka michache kabla, wazazi walikuwa wameshauriwa kuchelewesha ngano hadi mtoto afike miezi 6, wakati ambao wengi tayari walikuwa wameachishwa ziwa, na vyakula vya watoto vya viwandani vikawa na ngano nyingi zaidi. Kuanzia hapo ikaaminika kwamba ngano ikianza kidogo kidogo huku mtoto akinyonya, ugonjwa utazuilika.

Imani hiyo haikustahimili majaribio. Mwaka 2014 zilitoka tafiti mbili za watoto wenye ndugu wa damu walio na seliaki. Ya kwanza, ya nchi kadhaa za Ulaya, iliwapa watoto gluteni (protini iliyomo kwenye ngano) kidogo tangu miezi 4. Walipofika miaka 3 hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao, wawe walinyonya au la. Ya pili, ya Italia, ilisubiri hadi miezi 12: ugonjwa ulichelewa tu, na kufikia miaka 5 makundi yote yalikuwa sawa.

Seliaki huja pale kinga ya mwili inapochokozwa na gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), ikaanza kuushambulia utumbo mwembamba. Mtoto anakula lakini chakula hakifyonzwi: anaharisha, tumbo linajaa, uzito haupandi, damu inapungua. Wengine hufunga choo au hudumaa tu, na hao ndio wanaotupita kirahisi. Karibu wagonjwa wote wana vinasaba vya HLA-DQ2 au DQ8, ingawa wengi walio navyo hawaugui kamwe. Na wanaodai ni ugonjwa wa Wazungu wakumbuke watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi barani Afrika: mwaka 1999 iliripotiwa kuwa zaidi ya 5 kati ya kila 100 wanao.

Linalobaki kubishaniwa ni wingi wa gluteni. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto wenye vinasaba hivyo uliona kuwa waliokula gluteni nyingi zaidi katika miaka 5 ya mwanzo waliugua zaidi. Hiyo haitoshi kumnyima mtoto chapati. Wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya tumbo ya watoto wanashauri gluteni ianze wakati wowote kati ya miezi 4 na 12, ila isiwe nyingi mwanzoni.

Kwetu hilo halina ugumu. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6, kwa sababu yanamkinga na kuhara na nimonia, si kwa sababu ya seliaki. Uji wa ulezi, mtama au mahindi hauna gluteni kwa asili. Unga wa lishe uliochanganywa mara nyingi una ngano, basi uliza muuzaji. Ngano ikianza, kipande cha chapati kilicholowekwa kwenye mchuzi kinatosha.

Ukimshuku mtoto, usimkatize ngano kwanza. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotokana na gluteni, na aliyeiacha kwa muda anaweza kuonekana mzima ilhali mgonjwa. Mpeleke kliniki akiwa bado anakula kama kawaida, na mwambie daktari kama kuna ndugu mwenye seliaki au kisukari cha aina ya kwanza.