Thelma Ritter: kazi ya mwigizaji wa nafasi ndogo

Ukitaka kujua mwigizaji wa nafasi ndogo hufanya nini hasa, mtazame Thelma Ritter kwenye Rear Window (1954). Nesi anaingia kwa James Stewart aliyevunjika mguu, anamtia kipimajoto mdomoni, basi, mgonjwa hana tena la kujibu. Kisha anamkanda mgongo huku akimsema kwa kuchungulia majirani na kukwepa ndoa. Maelezo yote ambayo hadithi inayahitaji yanapita hapo, na mtazamaji hahisi kuhutubiwa kwa sababu macho yake yako kwenye mikono ya nesi. Mwigizaji akiyasema maneno yaleyale amesimama tu, tukio linadorora.

Ritter alizaliwa Brooklyn mwaka 1902, akasomea uigizaji, akapanda jukwaani, akaolewa na kulea, kisha akarudi kazini kupitia redio. Sinema ilimpata akiwa na miaka 40 na ushei. Katika Miracle on 34th Street (1947) ni mama aliyechoka kuzunguka madukani akitafuta gari la zimamoto la kuchezea la mtoto. Jina lake halikuandikwa popote. Halikuandikwa tena kwenye A Letter to Three Wives (1949), ila mwongozaji wake, Joseph L. Mankiewicz, hakumsahau. Mwaka uliofuata alimpa Birdie wa All About Eve, mtumishi anayemshtukia Eve, msichana mwenye hila, kabla ya wote. Katikati ya filamu Birdie anatoweka bila maelezo! Ndiyo hatari ya nafasi hizi: ukishamaliza kuonya, hadithi haikuhitaji tena. Kwangu, filamu inapungua makali tangu hapo.

Kazi yake kubwa zaidi ni Moe wa Pickup on South Street (1953), ya Samuel Fuller: mama muuza tai anayewauzia polisi habari za wezi, akidunduliza apate kaburi lake mwenyewe asije kuzikwa na mafukara. Usiku muuaji anapomfuata chumbani, santuri inalia. Ritter halii wala haombi. Anazungumza kama mtu aliyetoka kazini miguu ikimuuma, sauti iko chini, na uchovu wenyewe ndiyo hoja yake. Angeanza kububujikwa na machozi, tungemhurumia mwigizaji tukamsahau Moe. Kamera inamwacha, inageukia gramafoni, na mlio wa risasi tunausikia tu.

Aliteuliwa Oscar kwa filamu za miaka minne mfululizo, 1950 hadi 1953, kisha za 1959 na 1962. Mara 6, hakushinda hata moja. Kwa All About Eve alishindanishwa na mwenzake wa filamu hiyohiyo, Celeste Holm, na tuzo ikaenda kwa Josephine Hull. Kwa Moe alishindwa na Donna Reed, uamuzi ambao mimi sijaukubali. Jukwaa lilimtendea haki zaidi: mwaka 1958 alipata Tony, tuzo ya maonyesho ya jukwaani, kwa New Girl in Town, ingawa ilibidi agawane na Gwen Verdon wa onyesho lilelile.