Je, wajua kwa nini ruzuku za chakula huja hadi kwenye mikoa inayolisha nchi?

Msimu wa ununuzi wa mahindi ukifunguliwa, malori huelekea Makambako kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Kyela na Usangu zina mchele wake, Umalila viazi, Rungwe ndizi na chai, Ilula nyanya. Kwa hiyo mtu wa Dodoma ana haki ya kuuliza: kama Nyanda za Juu Kusini zinashiba na kubakiza, mbona wafadhili wa miradi ya chakula hawaachi kwenda huko?

Ni kwa sababu ghala hujaa na mtoto akadumaa, nyumba hiyo hiyo. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa walikuwa karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa, takribani asilimia 50 kila mmoja. Hao ndio wanaouza mahindi kwa wenzao.

Kudumaa si kulala njaa. Mtoto anaweza kunywa uji mara tatu kwa siku, tumbo likawa ngoma, na urefu wake bado ukabaki nyuma ya umri wake. Tazama kilichomo kwenye kikombe chake: mara nyingi ni unga wa sembe, maji, na sukari ikiwepo. Mahindi yamekobolewa hadi yakawa meupe pe, na kwenye pumba kumekwenda sehemu kubwa ya vitamini na madini. Pumba anakula nguruwe, na nguruwe kweli ananawiri. Mayai yamepelekwa gulioni, maharage yamengojewa bei ipande, maziwa ya jioni yameuzwa. Siku elfu moja za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili, ndizo zinazoamua, na zikipita hivyo ni vigumu kuzifidia.

Jingine ni kazi. Mvua zikianza Novemba mama huamkia shambani, na mtoto wa miezi minane huachwa na dada yake wa miaka saba. Dada huyo atampa alichoachiwa, tena kikiwa kimepoa. Hakuna mbegu bora inayotibu hilo.

Hata dawa ya kitaifa huwapita watu hawa pembeni. Tangu 2011 Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kiwanda cha mjini kinaweza kusimamiwa. Lakini mkulima wa Kilolo, mkoani Iringa, hanunui unga dukani, anabeba debe lake kwenda mashine ya kijijini, anasaga, anarudi. Kadiri unavyojilimia mwenyewe, ndivyo unga wenye virutubisho unavyokukosa.

Ndiyo maana lugha ya ruzuku imebadilika. Zamani andiko la mradi lilishinda kwa kutaja magunia kwa ekari. Siku hizi mfadhili anauliza nani atakula, nani atashika fedha, na udongo na maji vitabaki katika hali gani. Anataka mradi uwe «endelevu», na uwe «jumuishi», yaani usimwache mtu nje. Programu ya Umoja wa Ulaya iitwayo AGRI-CONNECT, kwa mfano, iliweka chai, kahawa na mazao ya bustani kwenye kapu moja na lishe na barabara za vijijini. Wapo walioona ni mchanganyiko wa ajabu. Mimi naona una mantiki: mboga isiyofika sokoni kwa sababu ya tope huoza, na mboga inayofika yote bila kubaki hata fungu moja nyumbani haimsaidii mtoto.

Neno «endelevu» nalo si pambo la andiko. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na maji yanayochotwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Usangu ni sehemu ya sababu. Ukiomba fedha za mfereji mpya Mbarali, wilaya ya huko Usangu, leo, jiandae kueleza maji yanarudi wapi.

«Jumuishi» ndipo penye ugumu wa kweli, kwa sababu ya sharti la mchango. Ruzuku hairudishwi, ni tofauti na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo haina riba lakini lazima ilipwe. Hata hivyo, ruzuku nyingi hudai kikundi kitoe sehemu yake. Tuseme akina mama 20 wa Kilolo wanataka mashine ya kusaga dona yenye kifaa cha kuchanganyia virutubisho, gharama shilingi milioni 10, na mfadhili anatoa asilimia 70. Imebaki milioni 3, yaani 150,000 kwa kila mmoja. Sharti hilo si uchoyo. Aliyetoa 150,000 yake ataulizia dizeli imekwenda wapi, na atakuja kwenye kikao hata kama hakuna posho.

Lakini mjane asiye na 150,000 je? Hapa tuna somo letu wenyewe. Kati ya 2008/09 na 2013/14 Serikali iligawa vocha za pembejeo zilizolipia kama nusu ya bei ya mbolea na mbegu, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo makuu. Vigezo vilisema kaya zinazoongozwa na wanawake zipewe kipaumbele. Vigezo hivyo hivyo vilisema mnufaika awe na uwezo wa kulipa nusu iliyobaki. Soma sentensi hizo mbili kwa pamoja uone zinavyovutana. Wapo walioandikwa majina, wakakosa fedha ya kujazia, vocha zao zikauzwa.

Ruzuku zilizoandikwa vizuri hukwepa mtego huo kwa kupokea tofali, mchanga, kiwanja na siku za kazi kama mchango, au kwa kutoa fedha kwa awamu ili mavuno ya kwanza yajazie ya pili. Zilizoandikwa vibaya hudai fedha taslimu benki ndani ya siku chache, kisha hushangaa kwa nini waombaji wote ni wenye maduka.

Kingine ambacho fomu nyingi bado hazikigusi: zao likipata soko, mara nyingi hubadilisha mmiliki. Maharage na mboga za mama vikianza kufuatwa na lori, baba huanza kupanga bei. Mradi ukihesabu wanawake 300 waliohudhuria mafunzo, haujahesabu hata mmoja aliyeshika hela ya mauzo. Kikundi chenye akili huandika kwenye katiba yake fedha zinaingia akaunti ya nani na watia saini ni akina nani, kabla mashine haijaletwa.

Anayetaka kuanza aende kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata kwa ajili ya usajili, kisha amtafute ofisa lishe wa halmashauri, ambaye waombaji wengi humsahau ingawa ndiye mwenye takwimu za udumavu ambazo mfadhili atazitaka ukurasa wa kwanza. Ankara za awali (proforma) za bei ya mashine ziwe tatu, kutoka kwa wauzaji tofauti. Na akitokea mtu mwenye koti na mkoba anayedai hela ya fomu ili jina la kikundi lipite, mwacheni aende zake.