Turbini ya Gesi: Hewa ya Kupoza Ikija kwa Mapigo

Kwa miaka mingi umeme wetu wa Kigoma ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na mafundi wengi wanaokuja chuoni kwetu wamekulia humo. Ukiwaambia mapanga ya turbini ya gesi (mabawa ya chuma yanayosukumwa na gesi ya moto), kama zile za Kinyerezi, Dar es Salaam, hupozwa kwa hewa tupu, wanaguna: maji na rejeta viko wapi?

Kwenye silinda ya dizeli moto unawaka kisha unapumzika, hewa mpya inaingia. Kwenye turbini haupumziki. Mitambo mikubwa ya kisasa hupitisha gesi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi na zaidi, ilhali aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli ya mapanga huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi. Kwa hiyo sehemu ya hewa iliyoshindiliwa na kompresa huchepushwa, ikapita ndani ya panga na kutokea kwenye vitundu vya usoni, ikatanda kati ya chuma na moto. Tunaiita ya kupoza, ingawa yenyewe huweza kufika nyuzi 400! Tena ina gharama: ikichepushwa nyingi, ufanisi wa mtambo unashuka.

Basi tuongeze nguvu ya kupuliza? Hapana. Darasani tunatoboa sahani ya plastiki, tunawasha feni ipulize juu yake, kisha tunapitisha moshi wa udi kwa mrija kutoka chini. Ukipuliza taratibu, moshi unalala juu ya sahani. Ukipuliza kwa nguvu unaruka juu, na hewa ya feni inapenya chini yake. Kwenye panga, hewa hiyo ya feni ndiyo moto.

Ndipo likaja wazo la mapigo: vali ifungue na kufunga mara nyingi kwa sekunde, hewa itoke kidogokidogo. Majaribio ya maabara hayasemi kitu kimoja. Pale ambapo hewa imezoea kuruka, mapigo yanaweza kuirudisha karibu na chuma na kupunguza matumizi. Pale ilipokwisha kulala vizuri, mapigo huichana tu. Mimi naona kikwazo kikubwa ni vali yenyewe: nani ataiweka ndani ya joto lile, kwenye rota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika?

Na hata bila vali, mapanga yanayozunguka yakipita mbele ya yale yaliyotulia hutikisa presha, hewa ya vitundu ikatoka kwa mapigo, upende usipende.